Wimbo niliokataa kupiga

Nyinyi jamaa mulioacha vijiji vyenu mukaja kutafuta usalama hapa Kilwa, leo sileti habari ya bei ya samaki wala ya barabara ya Kasenga. Ninaleta habari ya kosa langu mwenyewe.

Mwaka uliopita, kijana mmoja mkimbizi alikuja kwenye redio na telefone yake. Alitaka tupige wimbo aliotengeneza kwa programu ya telefone. Hakukuwa na gitaa wala kwaya. Kulikuwa na mapigo ya mashine, na chini yake sauti ya kasia ikigonga mtumbwi, ambayo aliinasa mwenyewe kwenye ziwa Moero. Nilisikiliza nusu dakika tu. Nikamwambia: "Mdogo wangu, huu si muziki, ni kelele. Na tena si ya kwetu." Akajibu, "Aksanti, yaya," akaondoka.

Kisha nikakutana na mama yake sokoni. "Afazali umemwambia," akasema. "Anamaliza batiri kwa makelele yake, na sisi tunangojea ile telefone tuulize habari za nyumbani." Nilijiona nimefanya kazi nzuri.

Baadaye mwenzangu wa Lubumbashi alinitumia nyimbo za Rey Sapienz na kunieleza maisha yake. Huyu ni Mkongomani wa mashariki ya inchi yetu. Alianza kama vijana wengi, kwa kurap. Mwaka wa 2012 alienda Uganda kufanya kazi na wasanii wa kule. Akiwa huko, vita vilichacha nyumbani. Ndio mwaka ambao M23 waliingia Goma, mwezi wa Novemba. Safari ya muda mfupi ikageuka maisha. Akabaki Kampala.

Wengi wenu munaelewa jambo hilo kuliko mimi. Mtu anatoka na nguo mbili, anasema atarudi juma lijalo, miaka inapita.

Kule Kampala hakuishia kwenye maneno ya rap. Alishika mashine, akawa mtengenezaji wa muziki. Akaingia katika kundi la Nyege Nyege, na katika 2018 santuri yake Hakuna Kulala ikatoka kwenye lebo yenye jina hilohilo, lebo ambayo imetoa kazi za vijana wengi wa Afrika ya Mashariki na Kongo. Mwaka wa 2021 ikatoka albamu Na Zala Zala, aliyoifanya na Wakongomani wenzake Papalas Palata na Fresh Dougis. Wakajiita Congo Techno Ensemble.

Niliisikiliza usiku, nikiwa na visikizio. Mara ya kwanza niliona uzito tu. Mara ya tatu nilianza kutambua: mapigo yetu ya dansi yamo ndani, yamevunjwa na kupangwa upya, Lingala imo, Kiswahili kimo. Mashine haikumtoa kwao. Aliitumia kubeba kwao, kwa sababu hakuweza kubeba kitu kingine.

Hapo nikakumbuka Mwenda Jean Bosco, mwana wa Bunkeya, ambaye Hugh Tracey alimrekodi Jadotville, yaani Likasi ya leo, katika 1952. Leo tunasema gitaa ile ni urithi wa Katanga. Lakini gitaa ilikuja na wageni. Imekuwa yetu kwa sababu watu wetu waliishika na kuipigisha mambo ya hapa.

Na yule kijana, je? Kasia ile ni ya ziwa letu. Sisi wa Kilwa tunajua maana yake. Katika Oktoba 2004, wakati mji huu ulipomwaga damu, wengi walivuka kwa mitumbwi usiku. Mimi nilikuwa mtoto, nimelala chini ya mtumbwi, na sauti niliyosikia mpaka asubuhi ni hiyo. Aliniletea, nami nikaiita kelele isiyo ya kwetu.

Simdanganyi mama yake. Muziki wa mashine haujazi sufuria, na batiri ni ya jamaa nzima. Wanaofika pale alipofika Rey Sapienz ni wachache. Lakini mtoto anayekaa kutwa akitengeneza kitu hajapoteza akili. Pengine ndivyo anavyoishika.

Nilimtafuta. Majirani waliniambia jamaa ile imeshahama. Wengine wanasema Dubie, wengine wanasema ngambo, Nchelenge. Wimbo sikuuhifadhi.

Basi ninaomba. Wewe unayesikiliza Pweto, Dubie au kule Zambia, kama unamjua kijana mwenye wimbo wa kasia, mwambie arudi kwenye redio, au atume. Safari hii nitausikiliza mpaka mwisho, na nitaupiga.