Kutafuta Kosa Katika Usomaji wa Faili la Mipangilio

Mwanachuo anayejifunza kuandika programu hukutana mapema na faili la mipangilio, yaani faili dogo la maandishi ambalo programu hulisoma kabla ya kuanza kazi, ili ijue jina la skuli, saa za vipindi na mengineyo. Faida yake ni kwamba mwalimu asiyejua kuandika programu aweza kubadili saa ya kipindi pasipo kuigusa programu yenyewe. Tabu huanza siku faili hilo lisiposomeka.

Tulipokuwa Kizimkazi pamoja na wanachuo waliokuwa katika mazoezi ya kufundisha, tuliwapa kazi ya kutengeneza programu ya ratiba kwa lugha ya Python. Programu ya mmoja wao ilitoa taarifa kwamba kifungu cha [skuli] hakipo. Mwanachuo huyo akalifungua faili, akakiona kifungu mstari wa kwanza kabisa. Akakifuta, akakiandika upya, akabadili herufi. Jibu likawa lile lile. Muda wote huo alikuwa akitengeneza kitu kisichokuwa kibovu.

Yafaa ieleweke kwamba configparser, chombo cha Python cha kusomea mafaili ya namna hii, kisipoliona faili hakilalamiki. Hunyamaza kikaendelea, na lalamiko huja baadaye, pale kifungu kinapotakiwa. Kwa hiyo swali la kwanza lisiwe "Umeandika nini?" bali "Je, faili limesomwa?" Chombo hicho hurudisha orodha ya mafaili ambayo kimefanikiwa kuyasoma. Tulimtaka aichapishe, ikatoka tupu: faili lilikuwa likiitwa mipangilio.ini.txt, na Windows, kama ilivyo desturi yake, ilikuwa imeuficha mkia wa jina.

Jina liliporekebishwa, kosa la pili likajitokeza, nalo lilitufikirisha zaidi. Mahali pa ukanda wa saa alikuwa ameandika Africa/Zanzibar. Safari hii faili lilisomwa lote na kifungu kikaonekana, ila jina likakataliwa.

"Mwalimu, kwani kwetu hakupo?" aliuliza kwa unyonge.

Kupo. Orodha ya kanda za saa itumiwayo na kompyuta duniani haitaji kila kisiwa, bali huteua mji, aghalabu ule wenye watu wengi zaidi. Kwa Tanzania jina lililomo ni Africa/Dar_es_Salaam, tena kwa vistari vya chini badala ya nafasi. Saa yenyewe ni moja, Dar es Salaam na Kizimkazi, saa 3 mbele ya UTC. Mwanachuo alikuwa ameandika jambo la kweli lisilokuwamo katika orodha. Katika madaftari ya watoto jambo hilo hutiwa alama ile ile ya kosa anayotiwa mtoto ambaye swali halikumfikia kabisa, na mwalimu hupita.

Baadaye wanachuo walibadilishana mafaili, kila mmoja akificha kosa moja, na mtafutaji akilazimika kutaja hatua iliyoharibika kabla ya kugusa kitu. Yule wa ukanda wa saa aliliandika jina linalokubalika, na juu yake akaongeza mstari uanzao kwa alama ya #: hapa ni Zanzibar. Aliuweka peke yake makusudi, kwani ungelifuata jina katika mstari mmoja, configparser ingeuhesabu kuwa sehemu ya jina.