Bagamoyo: Kuifuata Shilingi Kutoka Sokoni Mpaka Barazani

Nikiwatajia Bagamoyo najua mtakumbuka nini. Mtakumbuka misheni iliyoanzishwa mwaka 1868, mbuyu mkubwa, na kanisa la kale ambamo mwili wa Livingstone ulilazwa mwaka 1874 kabla ya kuvushwa Unguja. Hayo yameandikwa sana, tena wageni huoneshwa yote na watu wanaoyajua kuliko mimi. Leo nataka kuwatembeza upande mwingine wa mji uleule: sokoni, forodhani, bomani na barazani. Tutaifuata shilingi, tuone inatoka kwa nani, inapokewa na nani, na ni nani anayemwuliza mpokeaji habari zake.

Kutoka Dar es Salaam ni safari ya kilomita 70 hivi kuelekea kaskazini. Barabara ni ya lami, mnapita Bunju, Mapinga na Kerege, na njia nzima mtaona vibao vya viwanja vinavyouzwa. Vitieni moyoni vibao hivyo, maana habari yao tutaifikia.

Mkishuka garini, nendeni moja kwa moja pwani, karibu na jengo la kale la forodha. Hapo ndipo soko la samaki lilipo. Fikeni asubuhi, wakati mashua na ngalawa zinapoingia. Samaki humwagwa chini mafungu mafungu: changu, kibua, taa, pweza, na siku ya bahati, nguru mkubwa anayebebwa na watu wawili. Mnadishaji hupaza sauti, wanunuzi humjibu kwa kidole au kwa jicho tu, na mgeni hata hajui ni nani aliyeshinda mnada. Mara samaki wamekwisha kwenda: wengine kwenye kapu la mwenye pikipiki, wengine kwenye makarai ya akina mama wanaokaanga papo hapo. Moshi, kelele, paka, watoto. Mtu mwenye haraka asiende huko.

Katikati ya kelele hizo yupo mtu mmoja mtulivu, mwenye kimashine mkononi. Ndiye mkusanya ushuru. Akibonyeza, kimashine hutema karatasi ndogo yenye namba, tarehe na kiasi. Wengi huikunja bila kuitazama, au huitupa. Ndugu zangu, msiidharau karatasi ile! Fedha iliyotolewa bila karatasi si ya halmashauri, ni ya mfuko wa mtu. Iliyotolewa kwa karatasi imekwisha kuandikwa, na siku moja yaweza kuulizwa. Ila wino wake ni wa moto, haudumu. Ukiitia mfukoni na jasho, baada ya wiki chache inabaki nyeupe kama haijaandikwa kitu. Kwa hiyo mwenye biashara, hata ya mapapai matatu, awe na daftari la senti chache, anakili namba na kiasi jioni ileile. Sisi makarani tunacheka watu wakituona tukiandika kila jambo, lakini siku ya shauri ndio hao wanaotukimbilia.

Sasa geuzeni macho mlitazame jengo la forodha, ambalo lilijengwa mwaka 1895, wakati wa Wajerumani. Ushuru wa mahali hapa ni wa zamani kuliko jengo hilo. Misafara ya pembe za ndovu kutoka bara iliishia Bagamoyo, na ushuru wake ulikuwa wa Sultani wa Unguja. Mwaka 1888 kampuni ya Wajerumani ilipewa kwa mkataba madaraka ya pwani pamoja na forodha zake. Watu wa pwani hawakuulizwa. Mwezi wa Agosti mawakala wa kampuni wakaja kupandisha bendera yao na kushika ushuru, tena kwa majivuno na matusi, na pwani yote ikawaka. Bushiri bin Salim akaongoza vita kutoka Pangani, Bwana Heri huko Sadani, na Bagamoyo ikaungua na kuumia sana. Serikali ya Ujerumani ikamleta Wissmann na askari wake mwaka 1889, na mwezi wa Desemba mwaka huo Bushiri akanyongwa huko Pangani. Mimi siwezi kusema vita vile vilikuwa vya ushuru peke yake, maana heshima ya watu ilikanyagwa kwa njia nyingi. Lakini mtu anayesema kwamba ushuru ni jambo dogo la makarani, na asimame hapa kitambo.

Tukipanda kidogo kutoka pwani tunafika Boma. Bagamoyo ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani mpaka mwaka 1891, walipohamia Dar es Salaam. Boma hili lilijengwa baadaye, mwaka 1897. Ni jumba la ghorofa lenye matao. Limechakaa kwa mvua na kwa hewa ya chumvi, hata sehemu yake ikaanguka, ikabidi mafundi waliokoe. Angalieni mwaka ule, 1897. Ndio mwaka uleule ilipotolewa amri ya kodi ya kibanda, rupia 3 kwa nyumba ya kawaida ya shamba, ikaanza kutozwa mwaka uliofuata. Asiye na rupia alifanyishwa kazi. Maakida na majumbe wakatumwa kukusanya, na hakuna baraza lolote ambalo mwenye kibanda angeweza kusimama akauliza, “Rupia zangu zimekwenda wapi?” Waingereza walipoingia wakaendelea na kodi, wakiipitisha mikononi mwa watemi, maliwali na majumbe.

Baada ya Uhuru tukapata halmashauri zetu wenyewe, lakini mwaka 1972 zikafutwa kwa mpango wa Madaraka Mikoani. Zilirudishwa kwa sheria za mwaka 1982, na zile za wilaya zikaanza kazi tena mwaka 1984. Hata hivyo mambo ya kodi hayakuwa laini mara moja. Wazee wanaosoma habari hii hawajasahau kodi ya maendeleo, ambayo wengi waliendelea kuiita kodi ya kichwa. Mgambo wakionekana upande huu wa kijiji, wanaume walikuwa wametokea upande wa pili, vichakani, na wake zao waliulizwa, “Baba yuko wapi?” wakajibu, “Amesafiri.” Kodi hiyo ilifutwa mwaka 2003. Watu walifurahi, na haki yao. Lakini tangu hapo halmashauri nyingi zikazidi kuegemea fedha zinazoletwa kutoka Serikali Kuu, na mimi naona mtu asiyetoa kitu mkononi mwake huwa mvivu wa kuuliza. Ushuru anatoa sokoni, ada anatoa, mchango wa darasa anatoa. Ila kwa kuwa hakimbizwi na mgambo, hudhani hatoi.

Basi tutoke bomani, maana shauri kubwa la leo haliko kwenye jumba la matao. Liko chini ya mti.

Jamaa yangu alinikaribisha kwenye mkutano wa kitongoji chao. Uliitwa saa kumi alasiri, ukaanza saa kumi na moja, hilo halikunishangaza. Mabenchi yaliazimwa shuleni, wazee wakapewa viti, vijana wakasimama nyuma wakijifanya wanapita tu. Mwenyekiti, kijana wa miaka thelathini hivi, alifungua kwa salamu, akaeleza habari ya taka, kisha ya ulinzi wa usiku. Ikaja habari ya mtaro wa maji ya mvua. Taarifa ya fedha ikasomwa: kiasi kilichochangwa, mifuko ya saruji, mchanga, ufundi. Fedha zimekwisha.

Akainuka bibi mmoja mwenye kanga ya kahawia. Mwenyekiti akawahi, “Shikamoo bibi.”

“Marahaba mwanangu. Umesoma vizuri. Sasa mtaro umefika kwa nani?”

“Umefika kwenye uzio wa fundi cherehani, bibi.”

“Na maji yakifika hapo, yanapanda ngazi au yanakwenda wapi?”

Watu wakacheka, mwenyekiti naye akacheka. Bibi hakucheka. Alitaka kujua ni hatua ngapi zimebaki mpaka kwenye mtaro mkubwa. Vijana wawili wakatumwa na kamba, wakarudi na jibu: hatua arobaini. Stakabadhi za saruji zikatolewa kwenye bahasha, zikapita mkono kwa mkono, hata kwa wasiojua kusoma, nao wakazitazama kwa makini. Ikaonekana kwamba bei ya saruji ilikuwa imepanda kati ya mchango na ununuzi. Mkutano ukakata shauri: kila nyumba itoe mtu mmoja Jumamosi wachimbe zile hatua arobaini, na saruji isubiri mchango mwingine. Yote hayo hayakuzidi nusu saa. Nimehudhuria semina za siku tatu zisizofika hapo.

Ninyi mlioko vijijini mna nguvu zaidi kuliko wale wa mjini, ingawa wengi hamjaambiwa. Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji ndio wenye mamlaka ya juu kijijini. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe, mwanamke na mwanamume. Hukutana kila miezi mitatu. Halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe wasiopungua 15 wala kuzidi 25, ni watumishi wa mkutano huo, na mtendaji ndiye katibu. Siku ya uchaguzi, kama ule wa tarehe 27 Novemba 2024, kila mtu huzungumza habari za viongozi. Ukija mkutano wa miezi mitatu, mnakuta watu ishirini na mbuzi wawili.

Huko kutokuja ndiko kunakoponza watu, na hapa narudi kwenye vile vibao vya viwanja. Ardhi ya kijiji inatawaliwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Halmashauri ya kijiji inaisimamia kama mdhamini, kwa niaba ya wanakijiji. Haiwezi kumgawia mtu ardhi bila idhini ya mkutano mkuu. Idhini hiyo huonekanaje? Kwa muhtasari wa mkutano pamoja na orodha ya waliohudhuria, majina na sahihi zao. Maana yake ni kwamba karatasi mbili au tatu zilizobanwa kwa pini zaweza kuhamisha shamba la babu yako.

Katika kijiji kimoja, si cha huko Bagamoyo wala sitakitaja jina, watu waliitwa kuzungumza habari ya madawati ya shule. Wakatia sahihi kwenye karatasi tupu yenye mistari, isiyo na kichwa cha habari. Baada ya miezi kadhaa akaja mgeni na vigingi kupima eneo la malisho. Alikuwa na muhtasari unaosema kwamba mkutano umemkubalia, na orodha ya sahihi. Sahihi zilikuwa zao kweli! Ni zile za madawati, zimebanwa kwenye muhtasari mwingine wenye tarehe nyingine. Kilichowaokoa ni jina la mzee mmoja katika orodha ile. Wanawe walikuja ofisini kwetu kuomba kutazama kitabu cha maziko, nami nikawafunulia ukurasa: baba yao alizikwa siku kumi na sita kabla ya tarehe ya muhtasari. Marehemu alikuwa ametoa idhini ya ardhi. Shauri likarudishwa kijijini, mkutano ukaitishwa upya, na safari hiyo uwanja haukutosha.

Kwa hiyo mkipewa karatasi ya mahudhurio, tazameni juu kabla ya kutazama chini. Iwepo tarehe, jina la kijiji na jambo lililoitiwa mkutano, limeandikwa kwa wino kabla ya sahihi ya kwanza. Kama hakuna, mwombeni katibu aandike, kwa adabu, mbele ya watu; katibu mwema atashukuru. Ukurasa ukiisha, pigeni mstari chini ya jina la mwisho ili lisiongezwe jingine. Na mkutano unapofungwa, muulizeni mtendaji muhtasari utasomwa siku gani kwa kuthibitishwa. Akina mama, msiache kutia sahihi zenu kwa kuwa baba watoto ametia yake. Wewe ni mjumbe kwa nafsi yako.

Nimalizie na jambo ambalo niliulizwa na akina mama wa kukaanga samaki, nao wamechoka kukopa kwa watu wa riba. Halmashauri inatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Jambo hili liliwekwa katika sheria mwaka 2018. Mikopo ilisimamishwa mwaka 2023, ikarudishwa mwaka 2024. Fedha hiyo hutokana na ushuru uleule wa sokoni, wa kile kikaratasi kinachofutika wino. Mwenye kikundi aanze kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yake, aende na katiba ya kikundi, majina ya wanachama na daftari la mahesabu. Akiambiwa arudi wiki ijayo, aandike tarehe na arudi.