Aliyetia Saini na Aliyefungiwa



Wiki mbili zilizopita, baada ya swala ya Alasiri, tulishuka Mama Ngina kwa miguu kama ilivyo ada yetu, tukaketi chini ya mbuyu ulio karibu na muuza mihogo tumpendaye. (Yuko mwingine mwenye pilipili kali zaidi, lakini daktari ametukataza.) Meli ya makontena ilikuwa ikiingia Kilindini taratibu. Akaja kijana mmoja, akatoa salamu, akaketi kando yetu kwa adabu. Tulimkumbuka: tulimsomesha Juzuu Amma alipokuwa mdogo, na miaka baadaye tukamwona amevaa jezi ya shule ya sekondari ambayo sisi tulikuwa katika bodi yake.

Baada ya kujuliana hali, akasema: "Maalim, nina swali. Mwaka ule tulipofungiwa, mimi nilikosa nini?"

Shule hiyo hatutaitaja. Timu yake ya kandanda ilikuwa imetamba katika kaunti, na ndani yake alikuwamo mshambuliaji hodari ambaye daftari la mahudhurio lilimwonyesha yupo kila siku, ilhali darasani hakuonekana tangu muhula wa kwanza. Mitihani hakufanya. Alikuja siku za mechi. Wapenzi wa michezo humwita mchezaji wa namna hii mamluki. Neno hilo asili yake ni Kiarabu, lina maana ya mtu anayemilikiwa, na kwa kweli yule kijana alimilikiwa na watu wazima. Walioshindwa wakalalamika. Wasimamizi wakaja, wakaomba madaftari yake ya masomo, na hapakuwa na hata moja. Shule ikapokonywa ushindi na kufungiwa michezo miaka miwili.

Siku hukumu hiyo inaanza kutumika, mshambuliaji alikwisha kwenda kuchezea klabu ya bara. Kocha alikuwa amehamishwa. Mwalimu mkuu alikuwa amestaafu na kuagwa kwa pilau. Walioibeba adhabu ni vijana wa kidato cha pili na cha tatu, mmoja wao akiwa huyu aliyekuwa amekaa nasi, ambaye alikuwa akihudhuria kila somo na ambaye alimaliza kidato cha nne bila kugusa tena mpira wa mashindano.

Jambo hili si la Mombasa peke yake. Aprili 2018, katika mashindano ya CECAFA ya vijana chini ya miaka 17 huko Burundi, timu ya Zanzibar iliondolewa kwa sababu ilikuja na wachezaji waliozaliwa kabla ya mwaka 2002. Hapo kosa lilikuwa la umri na si la masomo, lakini waliorudishwa nyumbani ni timu nzima, pamoja na waliokuwa na umri halali. Na orodha ya wachezaji haiandikwi na watoto.

Marekani wana utaratibu wa masomo hasa. Mwana wa ndugu yetu aliyesoma huko ndiye aliyetueleza. Chama cha michezo ya vyuo, NCAA, huhesabu kila muhula: mchezaji hupata alama moja akibaki chuoni na nyingine akifaulu masomo ya kutosha kumruhusu kucheza. Hesabu ya timu nzima hutolewa kwa kiwango cha 1,000, na timu ikishuka chini ya 930 huwa hatarini. Oktoba 2011 sheria ilikazwa, timu zenye alama duni zikazuiwa kuingia mashindano ya mwisho wa msimu, na hesabu ikachukua miaka iliyokwisha kupita. Chuo Kikuu cha Connecticut, mabingwa wa mpira wa kikapu wa 2011, kikazuiwa kuingia mashindano ya 2013. Kilikata rufaa, kikaonyesha kwamba alama zake za karibuni zimepanda, kisisikilizwe. Kocha mkubwa, Jim Calhoun, alistaafu Septemba 2012, kabla msimu wa adhabu haujaanza. Wachezaji kadhaa wakahama. Shabazz Napier alikuwa miongoni mwa waliobaki, na mwaka 2014 yeye na wenzake wakautwaa ubingwa tena. Twafurahi kwa ajili yao, lakini wangapi hupewa mwaka wa pili? Kijana wetu hakupewa.

Tena, lawama nyingine iliyotolewa huko ni kwamba vyuo vilivyoasisiwa kwa ajili ya watu weusi, ambavyo fedha za kuwalipa wasaidizi wa masomo ni chache, ndivyo vilivyoadhibiwa kupita idadi yao. Hapo tulikumbuka kisa cha mwanamke wa Bani Makhzum, na jinsi Mtume, rehema na amani zimshukie, alivyokasirika Usama bin Zaid alipokuja kumwombea kwa sababu ya ukoo wake. Sheria inayomkwepa mwenye jina na kumshika asiye na mtu haina haki, hata kama kila herufi yake imefuatwa.

Wako watakaosema, na hoja yao ina uzito: shule isipofungiwa itarudia. Sisi hatusemi isiguswe. Katika fiqhi, baba akifa na kuacha mali aliyoidhulumu, mrithi huirudisha, wala hapati hoja ya kusema kwamba si yeye aliyeichukua. Lakini mrithi hachapwi kwa dhuluma ya baba. Kombe lililopatikana kwa uongo lirudi, pointi zirudi, hata wakilia wachezaji safi waliotoka jasho. Hiyo ni mali ya watu. Kumfungia mtoto wa kidato cha pili asicheze mwakani ni jambo jingine. Hiyo ni fimbo, na fimbo yataka mgongo wa mkosaji. Aliyetia saini fomu anajulikana. Jina lake liko chini ya karatasi, pamoja na tarehe na muhuri. Kwa nini adhabu isimfuate anakohamia, afungiwe yeye kufundisha timu, badala ya kubaki getini ikiwasubiri watoto?

Haya tulimweleza kijana, naye alitusikiliza hadi mwisho. Kisha akauliza, kwa sauti ya chini: "Na nyinyi, Maalim, mlikuwa mnajua?"

Tungeweza kumjibu kwamba mambo ya michezo hayakuwa yetu. Ukweli ni kwamba orodha ile ilipitishwa mezani katika kikao cha bodi. Tuliliona jina, tukajua kwamba kijana yule hasomi, kwa kuwa nyumba yao iko mtaani kwetu Mji wa Kale na tulikuwa tukimwona barazani asubuhi, saa za masomo. Tulinyamaza. Shule ilikuwa na furaha, wazazi walikuwa na furaha, na sisi tulijiambia kwamba mpira utamzuia asiingie katika dawa za kulevya. Hakuna aliyetuadhibu, wala aliyetuuliza.

"Tulikuwa tunajua," tukamwambia.

Hakusema kitu kwa muda. Akanunua mihogo, akaweka nusu kwenye karatasi yetu. Halafu akatuambia kwamba siku hizi anafundisha watoto wa mtaa kandanda kila Jumamosi, na kwamba sharti lake ni mtoto aonyeshe daftari la shule na la madrasa kabla ya kucheza. Akatuomba tuwe tukija kuyakagua.

Jumamosi iliyopita tulikwenda. Karatasi yake ilikuwa na majina 17. Tulihesabu watoto, tukapata 16. Tukamuuliza wa 17 yuko wapi. Akasema ana homa, yuko kwao Likoni, lakini ni mtoto mzuri na madaftari yake yote yako sawa. Tukachukua kalamu, mbele ya jina lake tukaandika: hayupo.