Mawe ya parseli yetu

Wamama na wazazi wenzetu, juma hili watoto wa darasa la sita walileta kazi ya shule: kukusanya mawe matatu tofauti na kueleza yalivyotokea. Hapa Goma jiwe halitafutwi. Tunalala juu yake, tunajengea ua, na wengine kati yetu wamelipia masomo ya watoto kwa kuponda kokoto.

Kwa hiyo tulianza na lile jeusi. Zamani lilikuwa uji wa moto ndani ya Nyiragongo. Wakubwa wanakumbuka tarehe 17 Januari 2002, lava ilipopita katikati ya mji mpaka ziwani, na tarehe 22 Mei 2021, iliposimama Buhene. Lava ya mlima huu ina silika kidogo, ndiyo maana hutiririka kama maji kuliko ile ya milima mingi ya moto. Vitundu vilivyomo ni alama ya gazi iliyotaka kutoka wakati jiwe likiganda, kama vile vya ndani ya andazi.

Watoto huchanganya jiwe na madini. Sisi tuliwaambia hivi: jiwe ni chungu cha mahindi na maharagi, madini ni punje zenyewe. Katika lava punje nyingi ni ndogo mno kuonekana, kwa sababu ilipoa upesi. Mawe ya Rubaya, kule Masisi, yalipoa polepole chini sana ya ardhi, na punje zake zikapata muda wa kukua: kwarzi nyeupe, mika inayong'aa kama vipande vya kioo, na koltani nyeusi, ambayo kipande chake kidogo hushangaza mkono kwa uzito. Ndani ya koltani mna tantali, inayoingia katika simu zetu.

Kuhusu jiwe la tatu hatukukawia. Mchanga na matope ya ziwa yakilaliana miaka mingi, tabaka juu ya tabaka, na kukandamizwa, hugeuka jiwe. Na jiwe lolote likibanwa na kupashwa moto huko chini bila kuyeyuka, hubadilika likawa jingine.

Lililotuchukua muda ni mahali pa kuokota. Watoto walitaka kushuka katika mashimo ya upande wa Bulengo, kwenye njia ya Sake, eti huko kuna mawe mazuri. Huko ndiko kuna mazuku. Ni gazi ya kaboni itokayo ardhini kupitia nyufa za lava. Haina rangi, haina harufu, na ni nzito kuliko hewa, hivyo hujikusanya shimoni kama maji katika beseni, hasa usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Mama aliyesimama anaweza asihisi kitu, na mtoto aliyeinama miguuni pake akaanguka. Ukiona mijusi au ndege wamekufa ndani ya shimo, usishuke. Na mtu akianguka humo, usimfuate kichwa kichwa: piga kelele, tafuta kamba, umvute ukiwa juu. Tuliwarudisha watoto kwenye rundo la mawe la barabarani. Walinuna, lakini alama shuleni ni zilezile.

Nyumbani tulifanya jaribio ambalo kila jiko linaweza. Chumvi nyingi iliyeyushwa katika maji ya moto, tukaigawa katika sahani mbili za bati. Moja iliwekwa juu ya mbabula, maji yakakauka haraka, ikabaki chumvi laini kama unga. Ya pili iko chini ya meza, kivulini, imefunikwa kitambaa chepesi. Jana tuliona punje za kwanza, za mraba, kubwa kiasi cha kuhesabika. Watoto wamekatazwa kuigusa mpaka Jumamosi.