Cheche Ilipogoma Usiku wa Mvua

Usiku mmoja wa Aprili 2023, mvua ikinyesha bila huruma, mwanangu wa miaka 4 alishikwa na pumu nyumbani kwetu Kawangware. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Nilimfunga mgongoni kwa leso, nikasimamisha bodaboda, tukashika njia ya zahanati. Hatukufika mbali. Pikipiki ilikohoa mara mbili, ikazimika.

"Mama, usishuke, ni plagi tu," kijana akaniambia.

Akaifungua, akaipangusa masizi kwa shati lake, akairudisha, akapiga kiki. Kimya. Akapiga tena. Kimya. Mgongoni pumzi ya mwanangu ilikuwa ikipiga mluzi. Plagi tu! Kitu kidogo kama kidole ndicho kilichoshika uhai wa mtoto wangu.

Mungu si Athumani. Mwendeshaji mwingine alisimama, akatoa plagi ya akiba chini ya kiti chake. Pikipiki ikanguruma, tukafika, mtoto akatibiwa akapona.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Kibera kumwamkia mjomba, ambaye alikuwa fundi wa ndege ndogo katika uwanja wa Wilson hadi alipostaafu. Uwanja huo, wenye jina la Florence Kerr Wilson aliyeanzisha kampuni ya Wilson Airways mwaka 1929, uko karibu, na ndege zikipita juu ya mabati huwa mnanyamaza kwanza.

"Mjomba," nikamuuliza, "hiyo ikigoma huko juu, nani atasimama kuiazima plagi?"

Akacheka. "Mpwa wangu, petroli haiwaki bila cheche. Katika gari, koili huchukua umeme wa betri wa volti 12, ikaupandisha kupita volti 20,000 ndipo uruke kwenye ncha ya plagi. Pikipiki nayo ina koili yake, lakini ile iliyokubeba ilikuwa na silinda moja na plagi moja. Hiyo ikifa, safari imekufa."

"Na ndege?"

"Ndege ndogo ya petroli ina magneto, yaani sumaku inayozungushwa na injini yenyewe ikatoa umeme. Hata betri ikifa, cheche ipo. Tena magneto ni mbili, na kila silinda ina plagi mbili. Cessna 172 yenye silinda 4 ina plagi 8. Kabla ya kuruka, rubani huzima magneto moja akaangalia injini inavyokwenda, akaiwasha, kisha akazima ya pili. Injini ikilegea kupita kiasi, haruki. Ndege za jeti ni habari nyingine. Cheche huwasha tu, kisha moto hujiendeleza."

Tangu siku hiyo, kabla ya kupanda bodaboda usiku, huuliza: "Kijana wangu, una plagi ya akiba?" Wengine hunicheka. Rubani hukagua kila safari na hakuna anayemcheka. Na plagi moja bei yake haizidi nauli za safari chache.

Nami nimejifunza langu. Siku hizi nyumbani huweka dawa mbili za kuvuta, si moja. Wahenga hawakukosea: kinga na kinga ndipo moto uwakapo.