Kalenda Mbili za Muuza Mchele

Biashara ya mchele nilifundishwa na shangazi yangu hapa Dakawa, mkoani Morogoro, nikianzia kwenye ungo, nikipepeta na kuchagua mawe. Nilipopata mtaji wangu, nilichukua pia kanuni yake: sikukuu inaandaliwa wakati wa mavuno.

Mpunga wa skimu, unaomwagiliwa kwa maji ya Mto Wami, kwa kawaida tunauvuna kuanzia Juni. Hapo bei huwa chini, maana mkulima anadaiwa pembejeo na ada za watoto. Kabla ya kununua naing'ata punje. Ikikatika kwa mlio mkavu, mpunga unafaa kuwekwa. Ikibonyea, unarudi kwenye turubai, kwa sababu mpunga mbichi huota ukungu ghalani na ukikobolewa hutoa chenga tupu.

Ninaweka mpunga, siweki mchele. Ganda linaikinga punje na wadudu. Kila gunia la kilo 100 hunipa kilo 60 na ushee za mchele, hivyo napiga hesabu kuanzia kwa mteja wa Morogoro mjini na wa Tandale, Dar es Salaam, narudi nyuma hadi mashineni. Wiki mbili tatu kabla ya sikukuu ndipo nakoboa, kabla foleni ya mashine haijawa ndefu na malori hayajapandisha nauli.

Krismasi haihami. Idi kila mwaka hurudi nyuma kwa takriban siku 11. Mwaka 2016 Idi el-Fitri ilikuwa mwanzoni mwa Julai, mpunga mpya ukiwa bado uwanjani. Wateja wa pilau hawakuutaka, kwa kuwa mchele mpya hugandamana. Waliulizia wa zamani, unaochambuka. Mwaka 2024 ikaangukia Aprili 10, katikati ya masika, mavuno yakiwa bado mbali. Mwenye akiba ndiye aliyeuza. Tangu hapo magunia ya Idi nayatenga peke yake, na bei ya Desemba ipande namna gani, siyagusi.

Vijana wanaoanza huniuliza siri ya biashara hii. Nawaambia wanunue mizani kabla ya kununua gunia. Lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, humnyima mkulima haki yake, na mkulima aliyepunjwa Julai hana mtaji wa kulima msimu unaofuata. Asipolima, hakuna ghala litakalotuokoa sikukuu ikifika.