Kitabu Kilichonifundisha Kutazama

Nakaa Kibuyuni, kijiji cha wavuvi na wakulima wa mwani katika Kwale, karibu na Shimoni. Jioni, madaftari ya wanafunzi yakiisha kusahihishwa, sina anasa ipitayo riwaya ya upelelezi. Niipendayo zaidi ni "Mzimu wa Watu wa Kale" ya Muhammed Said Abdulla wa Unguja. Mtunzi huyo alipata kuwa mkaguzi wa afya, na riwaya yake ilishinda mashindano ya hadithi ya 1957-1958, ikachapishwa mwaka 1960.

Ndani yake maiti yakutwa mzimuni. Hofu ya mahali hapo yawafumba watu macho, lakini Bwana Msa hafumbwi. Yeye huvuta kiko chake, hutazama, huuliza, hulinganisha neno na neno, wala hamtaji mkosaji mpaka ushahidi umtaje kwanza.

Niliisoma mara tatu nikadhani nimejifunza. Asubuhi moja, shuleni, niliona kitabu hicho hakimo mkobani mwangu. Jana yake kijana mmoja, yatima mwenye shati la viraka, alikuwa ameniomba kukiazima nikamkatalia. Basi sikutafuta tena. Nilimsimamisha mbele ya wenzake nikamwita mwizi.

"Sikukichukua, Mwalimu," alisema mara moja, kisha akanyamaza. Nami nikauhesabu ukimya wake kuwa ni kukiri.

Jioni nilikikuta kitabu nyumbani, juu ya meza. Nilipokifungua, chembe za mchanga zilidondoka, na kati ya kurasa mbili palikuwa na kipande cha mwani mkavu. Hata mtoto angalifumbua fumbo hilo. Mke wangu alikichukua alfajiri ili asome akingoja maji yapwe, apate kushuka kwenye shamba lake la mwani.

"Ungaliniuliza, ningalikwambia," alisema.

Mwaka 1892, nchini Argentina, mtu mmoja alisingiziwa kuwaua watoto wawili wa jirani yake. Alama ya kidole chenye damu, iliyobaki mlangoni, ilionyesha kuwa mwuaji ni mama yao mwenyewe, naye asiye na hatia akaokoka. Kumbe ushahidi hauwafichui wakosaji tu. Huwalinda pia wasio na kosa. Ngao hiyo ndiyo niliyomnyima kijana yule.

Kesho yake nilisimama pale pale nilipomwaibisha, nikamwomba radhi mbele ya wote, nikampa kitabu kiwe chake. Alikipokea kwa mikono miwili, lakini hakunitazama usoni. Zilipita wiki nyingi kabla hajainua tena mkono darasani ili ajibu swali.

Wahenga walisema, "Umdhaniaye ndiye kumbe siye." Kwa hiyo, msomaji kijana, zifurahie riwaya za upelelezi, zina utamu wake. Lakini ukikifunga kitabu, usiyafumbe na macho. Kabla hujamtaja mtu, tazama. Na kabla hujamhukumu, uliza. Kitabu kilichopotea huweza kuonekana jioni ile ile. Heshima ya mtu hukawia kurudi.